Boila imezeeka, na mume wangu anataka tupaue kwanza

Shikamoo mama,

Naomba jina langu lisitoke, maana watu wa Tanga tulioko hapa Reading tunajuana wote.

Mimi na mume wangu tumekaa Uingereza miaka mingi, tumeshapata uraia, tuna watoto wawili. Mimi nafanya kazi hospitali, zaidi zamu za usiku. Yeye ni dereva wa basi. Nyumba tuliinunua kwa mkopo wa benki. Ni ya miaka ya 1930, imeshikana na ya jirani kwa ukuta mmoja. Boila tuliikuta humo humo, kibandiko chake kinasema 2001. Iko jikoni, na juu kwenye kabati kuna tangi la shaba la maji moto, halafu darini kuna tangi jingine dogo. Ina kile kimoto kinachowaka mchana na usiku, hata mwezi wa saba.

Mwezi wa kumi fundi alikuja kuihudumia kama kila mwaka. Alisema bado ni salama, ila vipuri vyake vingine havitengenezwi tena, na saketi ikiungua hatuipati. Akaniachia bei ya boila mpya ya kombi, ile inayochemsha maji papo hapo bila tangi, pauni 2,900 pamoja na ufundi, akaniambia nisisubiri baridi kali. Nilipomuuliza kuhusu pampu za joto alicheka, akasema hizo ni za matajiri.

Nikampelekea mume wangu ile karatasi. Akauliza, “Inawaka haiwaki?” Nikasema inawaka. “Basi.” Mama, akili yake yote iko Tanga. Tuna nyumba njia ya Pongwe, imefika lenta tangu mwaka juzi na imesimama, mvua zote zinaishia juu ya matofali. Ametenga pauni 6,000 za kupaua, na Januari anachukua likizo akasimamie mwenyewe, maana mafundi wakiachwa peke yao misumari inakuwa dhahabu. Kila bei ya bati ikipanda halali. Anasema nyumba ya Reading ni ya benki, ya Pongwe ndiyo yetu. Halafu yeye amekulia Lushoto, anasema baridi aliijua kabla ya kuijua Uingereza.

Kinachonikosesha raha ni mtoto wa mwisho. Ana miaka 7, ana pumu. Chumba chake kiko juu ya mlango wa mbele, kona ya dirisha ina kuvu jeusi, nafuta linarudi. Radieta yake inapata moto juu, chini haipati. Baridi iliyopita alilazwa. Naona mume wangu hajali, au anajali bati kuliko kifua cha mwanawe.

Sasa siri yenyewe. Nacheza mchezo wa kuchangiana hela na kina mama wenzangu, na zamu yangu ya kupokea inaangukia Januari, pauni 3,000. Mume wangu hajui. Rafiki yangu ananiambia, “Subiri apande ndege, mwite fundi, akirudi atakuta nyumba ina joto, atanyamaza.” Atanyamaza kweli. Ninamjua. Na huko kunyamaza kwake ndiko ninakokuogopa.

Nibadilishe au nisubiri ife? Na kama nabadilisha, ni boila tena au hiyo pampu? Nimesikia serikali inasaidia pauni 7,500, wengine wanasema pampu hiyo baridi ikizidi haifanyi kitu, wengine wanasema gesi yenyewe itapigwa marufuku. Na hela za mchezo nizitumie bila kumwambia?

Mama wa wawili, Reading

*

Marahaba mwanangu, na poleni na baridi.

Kabla ya mambo ya mume na mke, niambie: hapo jikoni kuna kengele ya kaboni monoksidi? Barua yako haiitaji. Boila ya 2001 ikitoa hewa hiyo ya sumu hamtaiona wala kuisikia harufu. Kengele inauzwa kwa pauni ishirini hivi, haihitaji kikao cha familia. Ukiona moto wa boila umegeuka wa njano, au masizi karibu nayo, au nyote mnaumwa kichwa ndani na kupona mkitoka nje, zima, fungua madirisha, tokeni, na upige namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999. Hiyo inunue wiki hii, kisha tuzungumze mengine taratibu.

Umeniuliza kuhusu mashine, lakini nikikusoma naona mambo matatu uliyoyaunganisha mpaka yakawa moja: kifua cha mtoto, uzee wa boila, na nyumba ya Pongwe. Unaogopa kwamba kumwachia mumeo apaue ni kumwacha mtoto kwenye baridi. Huenda ni hivyo. Lakini tuyatenganishe kwanza tuone, kwa sababu kila moja lina bei yake na muda wake.

Nianze na chumba cha mtoto, maana ndicho kilichokunyima usingizi. Radieta inayopata moto juu na kubaki baridi chini kwa kawaida imejaa tope jeusi la kutu lililotulia kwenye sakafu yake. (Ingekuwa kinyume, moto chini na baridi juu, tungesema ina hewa, na hiyo unaitoa mwenyewe kwa kifunguo kidogo.) Sasa fikiria umeshafunga boila mpya. Maji yale yale yatapita kwenye radieta ile ile yenye tope lile lile, na chumba kitabaki vile vile. Tena tope hilo huziua boila mpya mapema, na kampuni nyingi hukataa kuheshimu dhamana kama mabomba hayakusafishwa. Je, fundi wako aliigusa hiyo radieta? Kwenye zile pauni 2,900, kusafisha mfumo kumo? Fundi anaweza kuing'oa radieta moja akaisafisha nje kwa mpira wa maji. Kusafisha nyumba nzima kwa mashine ni pauni mia kadhaa. Hizo si hela za kushindana na mabati.

Na kuvu nalo si la boila peke yake. Linataka ukuta baridi na hewa yenye maji. Chumba kilicho juu ya mlango wa mbele mara nyingi kina kuta mbili za nje, ni chembamba, na kitanda au kabati limesukumwa kwenye kona hiyo hiyo. Nguo mnazianika wapi wakati wa baridi? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Kama ni juu ya radieta, maji yake yote yanaingia hewani na kwenda kutafuta kona ya baridi. Vile vitundu vya hewa vya juu ya dirisha vimefunguliwa, au vilizibwa ili joto lisitoke? Dari ina sufi ya kuzuia joto yenye unene gani? Kipimo kinachopendekezwa huku ni milimita 270, na nyumba nyingi za umri wa yako zina pungufu ya hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani kusipungue nyuzi 18 majira ya baridi, na zaidi kidogo kwa wenye magonjwa ya kifua. Weka kipimajoto cha pauni chache chumbani kwa mtoto, uandike kinachosomeka alfajiri. Utapata habari ambayo wewe huna leo, na mumeo hana.

Hapo ndipo ninapokuuliza kwa upole juu ya neno “hajali”. Ulimpelekea karatasi ya bei. Dereva wa basi anayetoka alfajiri ameiona radieta ya mtoto lini? Umemshika mkono akagusa ile sehemu ya chini? Mtu aliyeulizwa “tutoe 2,900?” na mtu aliyeulizwa “chumba cha mwanao kina nyuzi 14, tufanyeje?” hawajibu swali moja. Pengine atajibu vile vile, mimi simjui. Lakini kwa barua yako, hili swali la pili bado hajaulizwa.

Sasa boila. Mumeo si mjinga anaposema inawaka. Boila za zamani za aina hiyo zina vitu vichache vya kuharibika, na zipo zinazoendelea miaka baada ya fundi kuziombea dua. Upande wa pili, inakula. Boila za kizazi hicho hugeuza kama asilimia 70 ya gesi kuwa joto la nyumba, nyingine inatoka na bomba la moshi. Za sasa hufika karibu 90, ndiyo maana tangu 2005 sheria ya huku inadai boila mpya ziwe za aina hiyo inayorudisha joto la mvuke wake.

Tupige hesabu. Chukua nyumba inayotumia uniti 12,000 za gesi kwa mwaka, kwa peni 6 kila uniti: pauni 720. Boila mpya ingetoa joto lile lile kwa uniti 9,300 hivi, pauni 560. Unaokoa kama 160 kwa mwaka. Gawanya 2,900 kwa 160 uone ni miaka mingapi. Kwa hiyo usimwendee mumeo na hoja kwamba boila itajilipa yenyewe, atachukua simu yake afanye hesabu hii hii na utakuwa umeshindwa. Hoja yako, kama unayo, ni utulivu na usalama wa nyumba, si faida. Weka bili zako halisi mahali pa mfano wangu, ninyi mnaweza kuwa mnatumia zaidi.

Pampu ya joto si ya matajiri, na si kweli kwamba baridi inaishinda. Norway, Sweden na Finland, kwenye baridi ambayo Reading haiijui, ndizo nchi za Ulaya zenye pampu nyingi zaidi kwa idadi ya nyumba. Inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa: inafyonza joto kutoka hewa ya nje na kulisukuma ndani, na kwa uniti moja ya umeme hutoa tatu za joto, ikifungwa vizuri hata karibu nne. Tatizo ni bei ya umeme, ambayo huku ni kama mara nne ya gesi. Umeme wa peni 25 ukigawanywa kwa tatu, joto linakugharimu peni 8 na kidogo, karibu sawa na unacholipa sasa kwa boila yako kuukuu. Ukigawanywa kwa nne, inakuwa peni 6 na kidogo, nafuu kidogo kuliko boila mpya. Yaani kila kitu kiko kwenye ubora wa ufungaji. Fundi mbaya wa boila utamsamehe, fundi mbaya wa pampu utamlipa kila mwezi.

Msaada wa pauni 7,500 upo kwa England na Wales. Haupewi mkononi: fundi mwenye cheti cha MCS, cha mafundi wa nishati safi, ndiye anayeuomba, na unakatwa kwenye bei. Kazi nzima mara nyingi huangukia kati ya pauni 10,000 na 15,000 kabla ya msaada, na kodi ya VAT kwa sasa ni sifuri mpaka Machi 2027. Kwa hiyo yaweza kukubakia 2,500, yaweza kukubakia 7,500. Radieta nyingine zitabidi ziwe kubwa zaidi, kwa kuwa pampu hupeleka maji ya nyuzi 45 au 50 badala ya 70, tena kwa saa nyingi mfululizo. Kwa mtu anayelala mchana baada ya zamu ya usiku, joto la polepole la siku nzima ni jambo zuri. Lakini uliza pia ile mashine ya nje itakaa chini ya dirisha gani, maana ina mvumo wake na wewe ndiye mwenye kulala saa nne asubuhi.

Na marufuku ya gesi? Serikali iliyopita ilitangaza kuzuia boila mpya kuanzia 2035. Serikali iliyopo haijaendelea na mpango huo kwa nyumba zilizopo. Usikimbizwe na hilo.

Kuna jambo ambalo fundi wako pengine hakulitaja, na si kwa ubaya, yeye anauza boila. Una tangi la maji moto na kabati lake. Ukifunga kombi, tangi linang'olewa, na najua itakavyokuwa: ndani ya mwezi kabati limejaa mashuka na masanduku. Siku mkitaka pampu, itahitaji tangi, na nafasi yake imekwenda. Boila mpya inayotumia tangi ipo pia, inaacha mlango huo wazi. Muulize bei yake. Na uchukue bei ya mtu mwingine, wa gesi awe kwenye Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi.

Mumeo naye ana swali ambalo hajalijibu. Akisema tusubiri ife, anadhani hajachagua. Lakini pampu haifungwi kwa wiki moja: kuna kupima nyumba, kuomba msaada, kusubiri foleni. Boila ikifa katikati ya Januari, yeye yuko Pongwe juu ya mbao, wewe huku unatumia hita za umeme, kila moja ya kilowati 2 inakula peni 50 kwa saa, utamchukua fundi yeyote atakayeshika simu, na itakuwa boila ya gesi kwa bei yake. Huenda boila ya gesi ndiyo mnayoitaka. Basi iwe mmeitaka. Angalau bei mbili ziwe mezani kabla hajapanda ndege, na mkubaliane nani analipa nini ikizima akiwa huko.

Halafu “nyumba ya Reading ni ya benki”. Siku mkirudi nyumbani, itakuwa ya nani? Mtaiuza, au mtaipangisha? Kama mnaiuza baada ya miaka michache, pauni 5,000 za pampu zinaweza zisirudi. Kama mnaipangisha, mwenye nyumba huku anadaiwa cheti cha usalama wa gesi kila mwaka na daraja la matumizi ya nishati la nyumba (A ni bora, G ni duni) lisilopungua E, na serikali imekuwa ikipanga kulipandisha hadi C ifikapo 2030. Kodi ya Reading ndiyo itakayowalisha Pongwe. Mtu anayeipenda Pongwe kweli ana sababu ya kuitazama boila ya Reading. Ila hilo linategemea kama nyote wawili mnarudi, na lini. Umenieleza anavyotaka yeye. Wewe unataka kurudi? Barua yako yote haisemi, na huenda hata kwake hujasema.

Nije kwenye hela za mchezo. Ni jasho lako, na sitakuambia mwanamke hana haki ya akiba yake. Wengi wetu tumelea watoto kwa michezo hiyo. Lakini pima pande zote. Ukifunga kimya kimya, mtoto anapata joto upesi, na huenda mumeo akashukuru moyoni. Vilevile atajua siku hiyo hiyo kwamba kulikuwa na pauni 3,000 wakati yeye anahesabu misumari. Umesema mwenyewe unaogopa kunyamaza kwake. Ukimwambia kabla, kuna hatari nyingine ambayo rafiki yako anaijua: anaweza kusema, “Kumbe hela zipo, tumalizie paa.” Ungeweza kukataa? Kama huna uhakika, kuna njia ya katikati. Mwambie una hela kidogo zako ulizozitenga kwa ajili ya chumba cha mtoto, usafishe mabomba, uweke sufi darini, urekebishe dirisha, na boila mjadili akirudi. Hatari ya njia hiyo ni kwamba boila inaweza isimsubiri.

Na kama unaona Januari inakubana, zungumza na kiongozi wa mchezo wenu. Michezo mingi huruhusu kubadilishana zamu, na huenda kuna mwenzako wa Machi mwenye ada ya shule ya kulipa ambaye angeipokea Januari yako kwa furaha. Mwezi wa tatu mumeo amerudi, baridi inalegea, mafundi hawana foleni ndefu, na wewe utakuwa na bei mbili na daftari la nyuzi za chumba cha mtoto. Lakini kama kipimajoto kitakuonyesha namba mbaya hata baada ya radieta kusafishwa, Machi ni mbali kwa mtoto mwenye pumu, na muuguzi wake wa kifua anafaa kuijua namba hiyo kabla ya mimi. Niandikie tena ukishaipima.